Pa Kulala Kando ya Reli: Lubumbashi na Wageni Wake Tangu 1910

Tabora ilikuwa na soko, misikiti na nyumba za wafanyabiashara muda mrefu kabla garimoshi la Wajerumani halijafika mwaka 1912. Reli iliukuta mji. Lubumbashi ni kinyume chake. Huyu ni ndugu wa Nairobi: alizaliwa na reli, akapimwa kwa kamba za wapima ardhi, na watu wake wa kwanza wakashuka kwenye behewa wakiwa na masanduku mikononi. Mji wa namna hiyo hauanzi na soko wala na makaburi ya wazee. Huanza na swali linalorudi kila jioni: hawa walioshuka leo walale wapi?

Swali hilo lilijibiwa kwa njia nyingi ndani ya miaka mia moja na zaidi. Hoteli ya ghorofa, kambi ya kampuni, chumba cha uani, hema la mkimbizi, sakafu ya stesheni. Ukizifuata njia hizo moja baada ya nyingine, utaielewa Lubumbashi vizuri zaidi kuliko ukishika orodha ya magavana wake. Aliyegawa vitanda ndiye aliyeuchora mji.

Kabla ya reli

Shaba ya Katanga, jimbo la kusini mwa Kongo ambalo Lubumbashi imo ndani yake, haikungoja Mzungu aigundue. Wachimbaji wa huku waliiyeyusha katika tanuri za udongo, wakaimimina katika umbo la misalaba, na misalaba hiyo ikatembea mbali sana kama mali na kama mahari. Katika karne ya 19 Msiri, mtu aliyetoka kwa Wasumbwa upande wa Unyamwezi, alijenga ufalme wa Wayeke wenye makao makuu Bunkeya. Misafara ya kutoka pwani ya mashariki na ya kutoka Bihe, Angola, ilikutana kwake. Msafara ulipofika hapakuwa na hoteli. Ulipiga kambi mahali ulipoonyeshwa, ukapeleka zawadi kwa mtawala, ukakaa chini ya ulinzi wake kwa siku ulizoruhusiwa. Mgeni alikuwa na mwenyeji, na mwenyeji huyo alikuwa na jina.

Tarehe 20 Desemba 1891 Msiri aliuawa kwa risasi na afisa wa msafara wa Stairs, uliotumwa na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Mwaka uliofuata mwanajiolojia Jules Cornet alipita akipima miamba, na taarifa zake zikathibitisha utajiri uliokuwa chini ya ardhi. Hata hivyo utajiri huo ulikaa kwanza bila kuguswa na makampuni, kwa sababu moja tu: hapakuwa na njia ya kuutoa. Shaba ni nzito. Wapagazi wasingeweza kubeba machimbo mazima hadi baharini.

Reli yapanda kutoka kusini

Njia ilitoka Rasi ya Tumaini Jema, si Kongo. Reli ilifika Bulawayo mwaka 1897. Mwaka 1904 ilikaribia maporomoko ya Zambezi, na hapo kampuni ya reli ikajenga hoteli ya mbao na mabati iitwayo Victoria Falls Hotel, ambayo ingali wazi mpaka leo. Mwaka huohuo, tarehe 25 Desemba, hoteli ya Norfolk ilifungua milango Nairobi, mji ambao ulikuwa na umri wa miaka mitano tu. Hoteli hizi mbili zaonyesha jinsi mambo yalivyokwenda popote reli ya kikoloni ilipopita: kwanza chuma, kisha kitanda cha Mzungu, na mji baadaye.

Daraja la Zambezi lilifunguliwa Septemba 1905. Mwaka 1906 reli ikafika Broken Hill, inayoitwa sasa Kabwe, na mwaka huo makampuni mawili yatakayotawala maisha ya Katanga yakaundwa: Union Minière du Haut-Katanga kwa madini, na BCK kwa reli. Mtu aliyeziunganisha pande hizi mbili alikuwa Robert Williams, Mskoti aliyekuwa na haki za uchimbaji upande wa Kongo na aliyehitaji reli ya Rhodesia ifike kwenye machimbo yake. Mkandarasi George Pauling akaipeleka njia mpaka mpakani Sakania mwishoni mwa 1909. Kutoka hapo zilibaki kilomita 255 hivi za msitu wa miombo. Mwishoni mwa Septemba 1910 garimoshi la kwanza likafika mahali palipokwisha kupewa jina la Élisabethville, kwa heshima ya malkia wa Ubelgiji; ndiyo Lubumbashi ya leo.

Wabelgiji walikuwa na hofu. Reli, makaa ya mawe ya Wankie, mafundi, magazeti, hata pauni na shilingi, vyote vilitoka upande wa Waingereza. Katanga ingeweza kuvutwa kusini bila risasi kupigwa. Ndiyo maana serikali ilimtuma Émile Wangermée awe mtawala wa jimbo, naye akachagua uwanda ulio jirani na mto Lubumbashi na mgodi wa Étoile, ambao wenyeji waliuita Kalukuluku. Akaamuru barabara zinyooshwe na kukatana kama mraba wa bao. Ramani ile ungali unaitembea ukizunguka katikati ya komuni ya Lubumbashi.

Mji wa mabati

Tanuri la kuyeyushia shaba lilimwaga mzigo wake wa kwanza tarehe 30 Juni 1911. Katikati ya tarehe hiyo na siku ya garimoshi la kwanza, kulikuwa na miezi tisa ya watu kumiminika: Wabelgiji wachache, Waingereza na Waafrika Kusini wengi, Wagiriki, Waitalia, Wayahudi waliopanda kutoka kusini na wengine waliokuja baadaye kutoka kisiwa cha Rhodes. Walishuka na kuulizana wapi palikuwa na chumba. Majengo ya mwanzo yalikuwa ya mabati yaliyoletwa kwa behewa, kisha ya matofali yaliyochomwa papo hapo. Hoteli zilikuwa miongoni mwa nyumba za kwanza za maana. Kadi za posta za enzi ile zinaonyesha Hôtel du Globe na Hôtel Albert, kila moja na baraza yake inayotazama barabara ya vumbi jekundu.

Kazi ya hoteli ya namna hiyo ilizidi kulaza watu. Mjini hapakuwa bado na klabu, mahakama ya kueleweka wala benki ya kutosha. Ndani ya baa ya hoteli mtu alipata kibarua, aliuza ng'ombe, alinunua hisa, aliahidiwa kiwanja. Wanaume walizidi wanawake kwa mbali sana, na pombe ikawa biashara yenye faida. Lakini nani aliyetandika vitanda vile? Nani aliyechemsha maji ya kuoga, akafua shuka zilizojaa vumbi la reli, akapika? Ni Waafrika waliotembea wiki nzima kutoka Luapula, Lomami au Rhodesia ya Kaskazini. Wao walilala nyuma ya hoteli, katika vibanda ambavyo hakuna mpiga picha aliyevigeuzia kamera.

Na wale waliochimba walilala vibaya zaidi. Kambi za mwanzo za machimbo zilikuwa na vifo vya kutisha: homa ya matumbo, kichomi, kuhara. Mwaka 1918 mafua makuu yaliyozunguka dunia yalipanda kutoka kusini kwa njia ileile ya reli, yakawakuta watu wamebanana vibandani. Reli ilileta mashine, unga na barua. Ilileta na kifo kwa ratiba yake.

Mwaka 1918 pia ndio reli ilipofika Bukama, penye maji ya Lualaba. Élisabethville haikuwa tena mwisho wa njia. Ikawa njia panda.

Mita mia saba

Kipindi cha baada ya vita vya kwanza ndicho kilichoamua sura ya mji, nami naona hapa ndipo pa kukawia.

Mpaka hapo Waafrika na Wazungu walikuwa wakiishi karibukaribu kuliko serikali ilivyopenda. Madaktari walizungumza juu ya mbu wa malaria, wakuu wa polisi juu ya usalama, na wenye viwanja juu ya bei. Hoja zote zikaishia pamoja: Mwafrika asogezwe. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 ukajengwa mtaa wa Waafrika uliopewa jina la Mfalme Albert, ambao sasa ni komuni ya Kamalondo. Kati yake na mji wa Wazungu ukaachwa ukanda mtupu wa mita 700 hivi. Upana huo ulielezwa kwa safari ya mbu, lakini kila aliyeuvuka jioni akirudi kutoka kazini alijua ulipimwa kwa nini. Usiku Mwafrika hakuruhusiwa kuwa upande wa pili bila kibali. Aliyebaki ni mtumishi wa nyumbani, na huyo alipewa kijumba uani, "boyerie", ambacho kwenye nyumba nyingi za katikati ya mji bado kimesimama na bado kina wapangaji.

Ndani ya mpaka huo ndipo hoteli ilipobadilika. Haikuwa tena kibanda cha watu wa bahati nasibu. Mwaka 1928 reli ya BCK ilikamilika hadi Port-Francqui, yaani Ilebo, na Mfalme Albert na Malkia Elisabeth wakaja kuifungua. Mwaka 1931 njia ya Benguela ikaunganishwa, na shaba ikapata bandari ya Lobito kwenye Atlantiki. Zamani ilikuwa ikizunguka hadi Beira. Abiria naye aliweza kupanda garimoshi Cape Town na kushuka Élisabethville bila kubadili upana wa njia, safari ya zaidi ya kilomita 3,500. Abiria wa namna hii, mkurugenzi kutoka Brussels, mhandisi na mkewe, mfanyabiashara wa Johannesburg, alitaka sabuni ya kunukia na mezani kitambaa cheupe. Hoteli kubwa ya Léopold II, iliyojengwa katika kipindi hicho cha kati ya vita viwili, ilimpa vyote hivyo. Wenyeji wa mji waliifupisha wakaiita "Léo Deux".

Mwafrika aliingia Léo Deux kwa mlango wa jikoni. Angekuwa mhudumu aliyevaa nguo nyeupe na kuikariri orodha ya mvinyo, lakini asingeweza kukaa kwenye kiti alichokifuta asubuhi. Hili halikuhitaji kibao mlangoni. Mji wote ulikuwa kibao.

Kambi kama jibu

Wakati hoteli ikiwapokea wachache, swali la wengi lilipata jibu jingine. Union Minière ilikuwa imechoka kuajiri watu wa miezi sita ambao walikuja wagonjwa na kuondoka kabla hawajajua kazi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920 ikabadili njia: ikaajiri kwa mikataba ya miaka mitatu, ikaruhusu na kisha ikahimiza mfanyakazi aje na mke, ikajenga nyumba za matofali, zahanati, shule za wamisionari. Watu wakaletwa kutoka Kasai, Lomami, Maniema, na hata Ruanda-Urundi. Posho iligawiwa kwa kilo, na mke alihesabiwa kwenye kadi ya mume.

Kampuni ya reli ilifanya vivyo hivyo. Makomeno, katika komuni ya Lubumbashi, ikawa makazi ya watu wa reli. Huko mtoto alizaliwa akisikia filimbi ya karakana, akasoma shule ya reli, akaajiriwa reli. Upande wa Kongo Waafrika walipanda kwenye chumba cha dereva mapema kuliko kusini mwa mpaka, ambako vyama vya wafanyakazi Wazungu vilikuwa vimeufunga mlango huo. Fahari ya ufundi ilikuwa kubwa. Mwaka 1939 ikazaliwa timu ya Saint-Éloi Lupopo, iliyopewa jina la mtakatifu wa wahunzi na mafundi chuma, na mpaka leo mashabiki wake wanaitwa watu wa reli, tena kwa majivuno, hasa siku wanapokutana na Mazembe, timu nyingine kubwa ya mjini.

Kwa watu waliotoka pande nyingi kiasi hicho, Kiswahili ndicho kilichowakutanisha. Kilishuka na misafara ya zamani, kikachukuliwa na wamisionari na makampuni kama lugha ya kazi, halafu watoto wa kambini wakakifanya cha kwao. Kwa hiyo Lubumbashi ikawa mji wa Kiswahili ulio mbali na bahari kuliko karibu mji mwingine wowote mkubwa wa lugha hii, wenye Kiswahili chake kilichochanganyika na Kibemba, Kiluba na Kifaransa.

Lakini nyumba ya kampuni ina mwenye nyumba. Desemba 1941 bei zilikuwa zimepanda kwa ajili ya vita na mishahara imebaki chini. Wafanyakazi Waafrika wa Union Minière wakagoma wakidai nyongeza, baada ya kuwaona wafanyakazi Wazungu wakigoma na kusikilizwa. Tarehe 9 Desemba walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Élisabethville. Gavana Amour Maron alikuja na askari. Msemaji wa wagomaji, Léonard Mpoyi, karani aliyesoma, alikataa kuwatawanya watu bila jibu. Akapigwa risasi, na askari wakafyatulia umati. Makumi waliuawa. Aliyelala kambini alijua tangu siku hiyo kwamba paa lake na risasi vilitoka kwa mtu mmoja.

Meza ya Léo Deux, 1957 hadi 1963

Baada ya vita vya pili mji ulinenepa. Katuba na Ruashi zikaongezeka kwenye mitaa ya Waafrika, njia ya reli ikaanza kuwekewa umeme kuanzia 1952, na mwaka 1956 reli ya Kamina na Kabalo ikaunganisha Élisabethville na Albertville, sasa Kalemie, na kwa njia hiyo, kupitia ziwa Tanganyika, na Kigoma na Dar es Salaam. Ubaguzi wa hoteli ulilegea kidogokidogo, kwa vyeti vya "ustaarabu" ambavyo wachache walipewa baada ya kukaguliwa hadi vyumbani mwao.

Desemba 1957 uchaguzi wa kwanza wa mabaraza ya komuni ulifanyika. Wengi walioshinda umeya walikuwa watu wenye asili ya Kasai, wale waliokuja kwa reli ya BCK kama makarani na mafundi. Matokeo hayo yaliwauma waliojiita wenye Katanga, na mwaka 1958 wakaunda Conakat. Hapa ndipo ulipozaliwa ugomvi uliorudi mara mbili kuumiza: nani mwenyeji na nani mgeni katika mji ambao wote waliufikia kwa garimoshi?

Kiongozi wa Conakat alikuwa Moïse Tshombe, mwana wa mfanyabiashara tajiri. Tarehe 11 Julai 1960, siku kumi na moja baada ya uhuru wa Kongo, alitangaza Katanga kuwa nchi. Léo Deux ikajaa kupita siku zote zilizotangulia. Washauri wa Kibelgiji, waandishi wa habari wa dunia nzima, wauza silaha na mamluki walikula ukumbi mmoja, kila mmoja akiwatazama wenzake. Shaba iliendelea kutoka kwa reli kwenda Lobito na kwenda kusini, na kodi ya Union Minière iliyoingia kwa Tshombe ilitegemea mabehewa hayo. Bila reli, nchi ya Katanga isingeishi mwezi.

Tarehe 13 Septemba 1961 majeshi ya Umoja wa Mataifa yalijaribu kuumaliza utengano kwa nguvu, na mapigano yakafika posta na redio. Siku chache baadaye, usiku wa kuamkia tarehe 18, ndege ya katibu mkuu Dag Hammarskjöld ilianguka karibu na Ndola alipokuwa akienda kuonana na Tshombe. Mwezi Desemba vita vilirudi mjini. Tarehe 16 wanajeshi wa Ireland waliteka, kwa damu, mahali ambapo barabara inapita chini ya reli kuelekea katikati ya mji. Wao wanayaita mapigano ya Handaki.

Ila kilichonigusa zaidi katika miaka hiyo hakikuwa hoteli wala handaki. Kuanzia mwisho wa Agosti 1961, Waluba wa Kasai na wa kaskazini ya Katanga, wakiwa wanawindwa na askari na vijana wa Conakat, walianza kukimbilia karibu na kambi ya wanajeshi wa Sweden wa Umoja wa Mataifa. Siku chache zikatosha kuufanya uwanja huo kuwa mji. Idadi ilikadiriwa kufikia watu 70,000 hivi, katika vibanda vya matawi, magunia na mabati, huku chakula na maji vikipatikana kwa shida na watu wakiuana humohumo. Walikuwa makarani, mafundi wa karakana, walimu: watu walioacha nyumba za matofali kilomita chache tu kutoka hapo. Mwaka 1962 kambi ilifungwa na watu wakasafirishwa kwa ndege na kwa treni kwenda Kasai, ambako wengi wao walikuwa hawajapata kuishi.

Januari 1963 utengano ulikwisha.

Mji wageuzia stesheni mgongo

Mwaka 1966 Élisabethville ikawa Lubumbashi, na tarehe 1 Januari 1967 mali ya Union Minière ikachukuliwa na dola, chini ya kampuni ambayo baadaye iliitwa Gécamines. Jina la Leopold II halikuweza kubaki juu ya mlango. Hoteli ikawa Park Hotel. Mwafrika aliingia kwa mlango wa mbele na kuagiza Simba baridi, bia ya mjini humohumo. Wako waliosema hayo ni madogo. Kwa mtu ambaye baba yake alihudumu ukumbi uleule akiwa amesimama, hayakuwa madogo hata kidogo.

Bahati mbaya hoteli ilifunguka wakati reli ilipoanza kufunga. Novemba 1973 Rais Mobutu, ambaye nchi yake sasa iliitwa Zaire, alitangaza sera ya kuwapa Wazaire biashara za wageni. Maduka, viwanda vya mikate na hoteli za Wagiriki na Wareno zikabadili wenyewe ghafla, na nyingi zikafilisika kabla rangi ya kibao kipya haijakauka. Mwaka 1974 makampuni ya reli yaliunganishwa kuwa SNCZ, shirika la serikali. Agosti 1975 vita vya Angola viliikata njia ya Benguela. Bei ya shaba ilikuwa imeanguka. Tazara, reli ya Tanzania na Zambia iliyokamilika 1976, na njia ya kusini zilipokea mzigo, lakini mzigo ulizunguka mbali na kwa gharama kubwa.

Ishara niionayo wazi kuliko zote ni hoteli mpya, Karavia, iliyojengwa miaka ya 1970 kando ya ziwa na uwanja wa gofu. Hii haikuhitaji stesheni. Mgeni wake alishuka kwenye ndege katika uwanja wa Luano, akapita kwa gari, na angeweza kukaa wiki bila kusikia filimbi ya treni. Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Katanga aliyejulikana Afrika Mashariki nzima, naye aliendesha hoteli, lakini Musoshi, mji wa machimbo mpakani mwa Zambia. Wenye akili ya biashara walikuwa wameanza kutazama barabara.

Stesheni inayogeuka nyumba, 1992 hadi 1993

Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa mjini Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu, akichukua nafasi ya Nguz Karl-i-Bond wa Katanga. Gavana Kyungu wa Kumwanza na vijana wa chama chake cha Uferi wakageuza hasira hiyo kuwa kampeni ya kuwafukuza Wakasai. Mji wa machimbo wa Likasi ulianza, Kolwezi ikafuata mwaka 1993. Watu waliozaliwa hapo, wajukuu wa wale walioletwa na BCK na Union Minière kwa mikataba, walitolewa ndani ya nyumba za kampuni kwa mawe na moto.

Walikwenda stesheni. Hakukuwa na mahali pengine, kwa kuwa reli ndiyo iliyowaleta babu zao na reli ndiyo ingewarudisha. Makumi ya maelfu walilala kwenye jukwaa la stesheni ya Likasi na kandokando ya mabehewa, kwa wiki, wengine kwa miezi, wakingoja treni ambazo SNCZ iliyofilisika haikuwa nazo za kutosha. Vitanda, mashine za kushonea, milango iliyong'olewa, vyote vilirundikwa kando ya njia. Kipindupindu na surua viliua watoto. Treni zilipopatikana zilikwenda polepole hadi Mwene-Ditu na Kananga, na kuna waliozikwa njiani.

Ni vigumu kusamehe ukatili wa wale waliowafukuza. Lakini haukutoka hewani. Kwa miaka sabini nyumba ilitolewa kama tuzo ya kazi, kabila likaandikwa kwenye kadi, na hakuna aliyepewa hati ya kwamba hapa ni kwake. Kazi ilipokwisha, swali la 1910 likarudi likiwa na panga mkononi.

Magari makubwa

Mwaka 1995 reli ilikabidhiwa kwa Sizarail, kampuni iliyoshirikisha shirika la reli la Afrika Kusini. Treni zikaanza kutembea vizuri kidogo. Aprili 1997 majeshi ya waasi ya Laurent-Désiré Kabila, waliopigana kumng'oa Mobutu, yakaingia Lubumbashi. Hoteli zikajaa tena, safari hii wakuu wa makampuni ya madini waliokimbilia mikataba kabla hata Kinshasa haijaanguka. Mkataba wa Sizarail ukavunjwa, na kampuni ya serikali ikarudi kwa jina la SNCC. Wafanyakazi wake wakaanza miaka mingi ya kudai malimbikizo ya mishahara. Mafundi wa Makomeno, ambao baba zao walipeleka watoto shule kwa mshahara wa reli, walilima mihogo na mahindi nje ya mji ili nyumbani pasikosekane bukari, yaani ugali.

Baada ya sheria mpya ya madini ya 2002 shaba na kobalti zilirudi kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana. Karavia ikatengenezwa upya na kuingia katika kundi la Pullman. Nyumba za wageni zikaota kila mtaa, za Wachina, za Wahindi, za Wakongo wenyewe. Reli tu ndiyo haikuwa tayari. Kwa hiyo shaba ikapakiwa kwenye malori.

Ndiyo maana Mtanzania anayesoma haya huenda ana ndugu anayeijua Kasumbalesa, mpaka wa Zambia ulio chini ya kilomita 100 kutoka Lubumbashi. Madereva wa Tanzania ni wengi kwenye foleni hiyo. Wanashusha mizigo ya Dar es Salaam, wanapakia shaba, wanangoja karatasi. Foleni hufikia kilomita nyingi, na kungoja huchukua siku. Dereva analala ndani ya kichwa cha gari kwa sababu akiliacha ataibiwa, anapika kwa jiko la gesi chini ya trela, anaoga kwa ndoo ya kununua. Mara kadhaa wamegoma, wakidai ulinzi baada ya wenzao kushambuliwa. Zamani kampuni ya shaba iliwajengea watu wake kambi, mbaya au nzuri, kwa kuwa iliwahitaji wakae. Msafirishaji wa sasa hamhitaji dereva akae popote, na hivyo hakuna aliyefikiria kumjengea.

Mwaka 2023 njia ya Lobito ilikabidhiwa kwa kampuni mpya ya kigeni upande wa Angola, na shaba ya Kolwezi ikaanza tena kushuka kwa treni kwenda Atlantiki. Marekani na Ulaya zinaweka fedha, China nayo inajipanga kuifufua Tazara. Katika ramani za miradi hiyo kuna madaraja, mataruma, injini na bandari kavu. SNCC bado inawadai wafadhili mabehewa, na watu wa Makomeno bado wanaidai SNCC mishahara. Chumba cha dereva, awe wa treni au wa lori, hakijaandikwa kwenye ramani hizo.